Ubingwa Haukulipa Mishahara: Uchambuzi wa Kisa cha Kufungwa kwa Shule ya St. Anthony, Jersey City

Mwezi Machi 2016 timu ya mpira wa kikapu ya Shule ya Sekondari ya St. Anthony, shule ndogo ya Kikatoliki katika mji wa Jersey City, jimbo la New Jersey nchini Marekani, ilimaliza msimu ikiwa imeshinda michezo yake yote 32. Ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa mara ya 28, na katika mashindano yanayowakutanisha mabingwa wa madaraja yote ya shule za New Jersey ikaibuka mshindi kwa mara ya 13. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Aprili 2017, Jimbo Kuu Katoliki la Newark lilitangaza kwamba shule hiyo ingefungwa mwishoni mwa mwaka ule wa masomo, na mwezi Juni ikafungwa kweli. Haikufungwa kwa kashfa wala kwa moto, na hakuna aliyedai kwamba wanafunzi wake walikuwa hawafundishwi. Ilifungwa kwa sababu wanafunzi walikuwa wachache mno na fedha zilikuwa hazitoshi, na hali hiyo ilikuwa imedumu kwa miaka mingi hata wazazi wakaizoea.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kocha maarufu aliyeshindwa kuiokoa shule aliyoipenda. Masimulizi ya namna hiyo yana ukweli wake, lakini yanatupeleka mbali na kiini. Kiini, kwa maoni yangu, ni swali la nani anayemlipa mwalimu. Mpira wa kikapu uliiongezea St. Anthony umri wa robo karne hivi, na katika kuuongeza umri huo ukawafanya watu wengi, wakiwamo wafadhili wake wema, wasiuone ugonjwa uliokuwa ukiidhoofisha tangu kabla ya kombe la kwanza kuwekwa kabatini.

Shule iliyosimama juu ya nadhiri

Parokia ya Mtakatifu Antoni wa Padua ilianzishwa Jersey City mwaka 1884 kwa ajili ya wahamiaji kutoka Poland, watu waliokuja kufanya kazi katika viwanda, reli na gati zilizo ng'ambo ya mto Hudson kutoka New York. Mwaka huohuo maaskofu wa Marekani walikutana Baltimore katika Mtaguso wao wa Tatu, wakaagiza kwamba kila kanisa la parokia liwe na shule yake ndani ya miaka miwili, na kwamba wazazi Wakatoliki wawapeleke watoto wao huko isipokuwa pale ambapo askofu ameruhusu vinginevyo. Agizo hilo halikuwa la ubishi tu. Shule nyingi za serikali za wakati ule zilisoma Biblia ya Kiprotestanti na kuimba nyimbo za Kiprotestanti, na mhamiaji aliyefika na mtoto, rozari na lugha yake aliona wazi kwamba ndani ya kizazi kimoja angeweza kubaki na rozari peke yake.

Waliobeba mzigo wa agizo hilo hawakuwa maaskofu, bali masista. Kwa Wapolandi, masista hao walikuwa hasa Wafelisia, shirika lililoanzishwa Warsaw mwaka 1855 na Mama Angela Truszkowska na kufika Marekani mwaka 1874 kufundisha watoto wa wahamiaji. Sekondari ya St. Anthony ilipofunguliwa mwaka 1952, ikipokea wavulana na wasichana, masista hao ndio waliosimama mbele ya madarasa, na waliendelea kuhusika na uongozi wake karibu mpaka mwisho.

Hapo ndipo hesabu nzima ya shule za Kikatoliki za Marekani ilipojengwa. Sista hakuwa na mshahara kwa maana ya kawaida. Alipewa posho ndogo iliyokwenda katika nyumba ya watawa, alikula na wenzake, aliishi hatua chache kutoka darasani, na hakuwa na watoto wa kulea wala kodi ya kulipa. Mwaka 1950 takriban asilimia 90 ya walimu na watumishi wa shule za Kikatoliki nchini humo walikuwa watawa au mapadre. Katikati ya miaka ya 1960 shule hizo zilifikia kilele: wanafunzi zaidi ya milioni 5 katika shule zinazokaribia 13,000, wengi wao wakilipa ada ambayo familia ya mpakua mizigo gatini ingeweza kuimudu. Ada ilikuwa ndogo kwa sababu gharama kubwa kuliko zote ilikuwa imelipwa tayari na wanawake waliokuwa wameweka nadhiri ya ufukara.

Mwaka 1965 Marekani ilikuwa na masista wapatao 180,000. Mwaka St. Anthony ilipofungwa walikuwa wamebaki chini ya 50,000, wengi wao wazee waliohitaji kutunzwa, na watawa katika shule za Kikatoliki walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 3 ya watumishi wote. Nafasi zao zilichukuliwa na walimu walei, watu wenye haki kamili ya kudai mshahara, bima ya afya na pensheni. Hakuna kilichoharibika katika mafundisho, na pengine katika masomo mengine mafundisho yaliboreka, lakini kuanzia siku hiyo kila darasa lilikuwa na bei. Shule ya mtaa wa matajiri iliweza kupandisha ada na wazazi wakaguna kisha wakalipa. Kwa shule ya mtaa wa maskini uchaguzi ulikuwa mgumu zaidi: kupandisha ada kulimaanisha kuwafukuza waliolengwa, na kutopandisha kulimaanisha kuwa na pengo katika bajeti kila mwaka.

Pengo hilo serikali haikuweza kulijaza hata kama ingetaka. Mwaka 1971, katika kesi ya Lemon dhidi ya Kurtzman, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za Pennsylvania na Rhode Island zilizoruhusu fedha za umma kuwaongezea mishahara walimu wa shule za dini zilivunja katiba. Msomaji aliyezoea hali ya Kenya, ambako shule nyingi zenye jina la mtakatifu zina walimu wanaolipwa na tume ya serikali huku kanisa likibaki mdhamini, atauona mpaka huo kuwa mkali mno. New Jersey yenyewe ilikuwa imechangia kuuchora, kwa sababu kesi ya Everson ya mwaka 1947, iliyotoka katika jimbo hilo, ndiyo iliyoruhusu fedha za umma kurudishia wazazi nauli ya basi la watoto waliosoma shule za Kikatoliki. Kwa hiyo jimbo liliweza kugharamia safari ya mtoto mpaka mlangoni, lakini mwalimu aliyemngoja ndani hakuwa na senti yake. Baadaye, mwaka 2002, Mahakama ya Juu ilikubali mpango wa Ohio wa kuwapa wazazi vocha za ada za kutumia hata katika shule za dini, lakini New Jersey haikupitisha mpango wa aina hiyo.

Ukumbi wa bingo

Katika mazingira hayo ndipo alipotokea Bob Hurley. Alizaliwa Jersey City mwaka 1947, mtoto wa polisi, akasoma katika shule na chuo cha Wajesuiti mjini humo, na mwaka 1972 akakabidhiwa timu kuu ya mpira wa kikapu ya St. Anthony. Ukocha haukuwa kazi iliyomlisha. Kwa miaka mingi alikuwa ofisa wa probesheni wa kaunti ya Hudson, yaani mtu anayewafuatilia vijana na watu wazima waliohukumiwa na mahakama kutumikia adhabu nje ya gereza. Mchana alizunguka katika majengo ya makazi ya umma akiuliza fulani yuko wapi na kwa nini hakuripoti, na jioni aliwafundisha wavulana waliotoka katika majengo hayohayo. Ukali wake uwanjani, ambao wageni waliushangaa na hata kuulalamikia, hauelezeki bila kazi ile ya mchana. Alikuwa amekwisha kuona kinachompata mvulana ambaye hakuna mtu mzima anayemfokea.

Shule hiyo iliyokuja kuwa maarufu kwa mpira wa kikapu nchi nzima haikuwa na ukumbi wake wa michezo. Kwa miaka mingi timu ilifanyia mazoezi White Eagle Hall, jengo la mwaka 1910 lililojengwa kwa ajili ya jumuiya ya Wapolandi, ambalo wakati huo lilitumika kuchezea bingo, mchezo wa bahati nasibu wa namba. Kabla ya mazoezi meza na viti vya bingo vilisogezwa. Sakafu ilikuwa na sehemu mbovu ambazo mpira haukuruka sawasawa, na kuta zilikuwa karibu mno na mistari, kiasi kwamba mchezaji aliyekwenda kasi kufunga ilimpasa ajue namna ya kujizuia asigonge ukuta. Kuna waliosema kwamba ulinzi wa St. Anthony, uliojulikana kwa kumbana mpinzani kila hatua ya uwanja, ulizaliwa na ufinyu huo. Sina hakika kama ukumbi unaweza kufundisha ulinzi, lakini nina hakika kwamba timu iliyozoea pale haikuwa na kisingizio chochote ilipofika katika kiwanja cha kweli.

Mwaka 1989 timu hiyo ilimaliza msimu na ushindi 32 bila kupoteza, ikatambuliwa kuwa bora kuliko zote nchini. Ndani yake walikuwamo Bobby Hurley, mtoto wa kocha, pamoja na Terry Dehere, Jerry Walker na Rodrick Rhodes. Miaka minne baadaye, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, wa mwaka 1993, Bobby Hurley aliitwa wa 7 na Dehere wa 13, jambo ambalo shule kubwa zenye wanafunzi maelfu haziwezi kulidai. Mdogo wake Bobby, Dan Hurley, naye alisoma hapo, na leo anajulikana kama kocha aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Connecticut kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka 2023 na 2024. Kwa ujumla wachezaji zaidi ya 150 wa St. Anthony walipata ufadhili kamili wa masomo katika vyuo vya daraja la kwanza la michezo. Mzee Hurley alimaliza na ushindi 1,184 dhidi ya kushindwa 125, na mwaka 2010 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu, heshima ambayo makocha wa shule za sekondari hawaipati ila kwa nadra sana.

Mwaka uleule wa 1989, mwezi Oktoba, kulitokea jambo lingine Jersey City ambalo halitajwi katika hadithi za mpira, nalo lina uzito mkubwa katika kisa hiki. Serikali ya New Jersey ilizichukua shule zote za umma za mji huo kutoka mikononi mwa bodi ya mji, baada ya kuiona bodi hiyo imeshindwa kwa usimamizi mbovu na upendeleo wa kisiasa katika ajira. Ilikuwa mara ya kwanza katika Marekani kwa jimbo kuichukua wilaya nzima ya shule kwa namna hiyo. Kwa mzazi mnyonge wa mji ule, kumpeleka mtoto shule ya serikali kulikuwa sawa na kubahatisha, na St. Anthony, pamoja na umaskini wake, ilikuwa mahali ambapo kila mwalimu alijua jina la kila mtoto na ambapo wahitimu karibu wote walikuwa wakipata nafasi vyuoni. Wakati huo shule ilikuwa na jina kubwa na sababu halisi ya kuwapo, na mahitaji ya wazazi yalikuwa yakibisha mlangoni. Nafasi kama hiyo haikujirudia tena.

Fedha iliyokuja na jina la mtu mmoja

Kilichofuata ni miaka ya kuchangisha. Kulikuwa na karamu za wafadhili, mashindano ya gofu, semina za makocha, michango ya wachezaji wa zamani, na hundi zilizotoka kwa watu wasioifahamu Jersey City waliosikia habari za shule hiyo kwenye televisheni wakaguswa. Masista wawili Wafelisia walioiongoza shule kwa miaka mingi walifahamika kwa uwezo wao wa kuomba bila kuona haya, na mara kadhaa tishio la kufungwa lilikaribia kisha likasogezwa mbele na mfadhili aliyejitokeza dakika za mwisho. Mwishowe Hurley mwenyewe, baada ya kustaafu kazi ya probesheni, akabeba pia wadhifa wa rais wa shule, akiwa sasa kocha na mkusanya fedha kwa wakati mmoja.

Nadhani hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi huona katika juhudi hizo ushujaa peke yake. Ushujaa ulikuwapo. Lakini fedha za aina hiyo zina tabia zake. Kwanza, zilikuja kwa ajili ya mtu na timu yake, si kwa ajili ya somo la kemia au mshahara wa mwalimu wa hesabu, ingawa ndiko zilikokwenda. Pili, zililiwa zote mwaka uleule zilipopatikana. Shule yenye mfuko wa wakfu huweka fedha za mfadhili pembeni, ikatumia faida yake peke yake, na mwaka mbaya ukija faida hiyo bado ipo. St. Anthony iliota kuwa na mfuko wa namna hiyo wenye ukubwa wa kutosha na haikuufikia, kwa kuwa kila dola iliyoingia ilikuta deni likiisubiri. Tatu, na hili ndilo zito, fedha hizo zilitegemea ushindi. Wakuu wa shule nyingine hawalazimiki kuomba Mungu timu yao isifungwe nusu fainali ili umeme usikatwe. Huku, japo hakuna aliyelisema kwa maneno hayo, uhusiano ulikuwa karibu kiasi hicho.

Tena timu ya mpira wa kikapu ni ya wavulana 12 au 15. Hata ukiongeza timu za wadogo na wale wanaohamia wakitumaini kupata nafasi, hujafika idadi inayojaza shule. Msichana wa mtaa wa jirani anayetaka kuwa muuguzi, ambaye mama yake analipa ada kwa kufanya kazi mbili, havutwi na makombe, na pengine sifa ya mpira ilimfanya mama huyo adhani kwamba shule hiyo si ya binti yake. Mwisho wa safari shule ilikuwa na wanafunzi wasiofika 200 kwa madarasa yote manne. Kwa idadi hiyo gharama za jengo, joto la majira ya baridi, bima na uongozi hugawanywa kwa vichwa vichache mno, na hakuna ada ambayo familia za pale zingeweza kulipa ambayo ingetosha.

Wakati huohuo mji ulikuwa umegeuka. Wapolandi walikuwa wamehamia vitongojini zamani, na nafasi yao darasani ilichukuliwa na watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wengi wao si Wakatoliki, ambao shule iliwapokea bila kuuliza cheti cha ubatizo. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya New Jersey, katika mfululizo wa kesi za Abbott dhidi ya Burke, iliamuru shule za wilaya maskini, Jersey City ikiwamo, zipewe fedha zinazolingana na za wilaya tajiri. Mwanzoni mwa mwaka 1996 ikatiwa saini sheria iliyoruhusu shule za mkataba, zinazoendeshwa kwa fedha za umma lakini nje ya bodi ya kawaida, zenye sare, nidhamu na madarasa madogo, bila ada. Mji huo ulikuwa pia na McNair, sekondari ya umma inayochagua wanafunzi kwa ufaulu, iliyopanda hadi kuwa miongoni mwa zilizo bora katika jimbo. Mzazi aliyekuwa akijinyima ili alipe ada ya St. Anthony sasa aliona kitu kinachofanana nayo ng'ambo ya barabara, bure.

Halafu yakaja maghorofa. Mtaa wa katikati ya mji, karibu na lango la handaki la Holland linaloingia Manhattan, ambako shule ilikuwa, uligeuka kuwa makazi ya wafanyakazi wa benki. Mnara wa Goldman Sachs, uliokamilika mwaka 2004 kando ya mto, ulionekana kutoka mitaa ileile ambayo Hurley aliizunguka kama ofisa. Kodi zilipanda na familia zilizokuwa zikileta watoto shuleni zikasukumwa mbali. Waliokuja badala yao walikuwa vijana wasio na watoto, au wazazi wenye uwezo wa kwenda kokote. Matajiri walisogea karibu na shule kuliko wakati mwingine wowote katika historia yake, na haikuwasaidia wanafunzi kuongezeka.

Uamuzi, na shule nyingine mbili

Jimbo Kuu la Newark, lililokuwa limempokea Kardinali Joseph Tobin kama askofu mkuu mpya mwezi Januari 2017, lilikuwa limekwisha kuitaka shule ionyeshe idadi ya wanafunzi na fedha za kuaminika kwa miaka ijayo, si kwa mwaka mmoja. Haikuweza. Lawama nyingi zilielekezwa kwa jimbo kuu kwa kutotoa fedha zaidi, na ninaielewa hasira hiyo, hasa kwa kuwa tangazo la Aprili liliwaachia wazazi chini ya miezi mitatu ya kutafuta shule. Hata hivyo jimbo kuu lilikuwa na shule nyingine nyingi zenye ugonjwa uleule. Katika kaunti hiyohiyo ya Hudson, St. Mary ya Jersey City ilikuwa imefungwa mwaka 2011 na Holy Family Academy ya Bayonne mwaka 2013. Marist, pia ya Bayonne, ilifuata mwaka 2020, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeondoka St. Anthony mwaka 2017 na kuhamia Marist alihitimu katika darasa la mwisho la shule ya pili.

Ili kujua kama St. Anthony ingeweza kupona, ni vizuri kuitazama pamoja na shule mbili zilizokuwa karibu nayo. Ya kwanza ni St. Patrick ya Elizabeth, mpinzani wake mkubwa uwanjani, ambako Kyrie Irving alisoma. Mwezi Machi 2011 timu hizo mbili, zikihesabiwa kuwa mbili bora kuliko zote Marekani, zilikutana katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Rutgers, na St. Anthony ya Kyle Anderson ikaishinda St. Patrick ya Michael Kidd-Gilchrist 62 kwa 45 mbele ya watu maelfu. Mwaka uliofuata jimbo kuu liliifunga St. Patrick. Viongozi wake walikataa kutawanyika, wakafungua shule huru iitwayo The Patrick School, isiyo ya jimbo kuu tena. Njia hiyo iliiokoa timu na sehemu ya jumuiya, kwa gharama ya kuacha kuwa shule ya Kanisa. Kwa St. Anthony, iliyokuwa na rais na kocha mmoja mwenye umri wa miaka 69 na deni mgongoni, kuanza upya kwa namna hiyo kungehitaji nguvu na fedha ambazo hazikuwapo.

Shule ya pili ina mafunzo zaidi kwa anayeshughulika na jambo hili. St. Benedict's ya Newark, shule iliyoanzishwa na wamonaki Wabenedikto mwaka 1868 kwa ajili ya wavulana, ilifungwa mwaka 1972, miaka mitano baada ya machafuko ya mwaka 1967 yaliyokimbiza wazungu wengi na kuugawa hata umoja wa wamonaki wenyewe. Baadhi yao waliondoka. Waliobaki waliifungua tena mwaka 1973 kwa ajili ya vijana wa mji, wengi wao weusi, chini ya Padre Edwin Leahy aliyekuwa kijana bado, na ipo mpaka leo. Nayo ina timu kali ya mpira wa kikapu, lakini si timu iliyoiweka hai. Mmonaki wa Kibenedikto huweka nadhiri ya kudumu mahali pamoja: anaingia monasteri fulani na hufia humo. Ardhi na majengo vilikuwa vya monasteri, sehemu ya watumishi waliendelea kuishi palepale bila mishahara ya soko, na nyuma yao kulikuwa na karne nzima ya wahitimu, wengi waliokwisha kutajirika, walioombwa kuchangia shule waliyoifahamu na si mtu waliyemwona kwenye televisheni. Wafelisia, kinyume chake, hutumwa na shirika lao na huitwa kwingine linapowahitaji, na sekondari ya mwaka 1952 iliyosomesha watoto wa vibarua haikuwa na wahitimu matajiri wa kuwapigia simu, ila wachezaji wachache waliofika NBA.

Ikiwa kulikuwa na wakati wa kubadilisha mkondo, ulikuwa kati ya mwaka 1989 na katikati ya miaka ya 1990: jina lilikuwa juu, masista walikuwa bado wapo, shule za umma zilikuwa chini ya uangalizi, shule za mkataba hazijazaliwa, na ardhi ya katikati ya Jersey City ilikuwa haijawa dhahabu. Mfuko wa wakfu ulioanzishwa wakati ule, na kuachwa ukue hata kwa kiasi kidogo, ungeikuta mwaka 2017 shule yenye hoja mbele ya kardinali. Pengine hata jengo lake lingekuwa na thamani ya kutosha kuhamishia shule mahali walipohamia watoto. Lakini kuweka akiba kulihitaji kuacha pengo la mwaka ule lifumbwe na kitu kingine, na kitu kingine hakikuwapo. Walimu walei walitakiwa kulipwa mwezi ule, na michango ya mwezi ule ndiyo iliyowalipa.